Mapigo ya kifuani 98, ya mkononi 76: moyo wa baba una hesabu mbili?

#1 BintiMakorora – Jumatatu, saa 3:10 usiku

Assalaam alaikum, wanajukwaa. Naomba kueleweshwa jambo linalotutatiza nyumbani tangu wiki iliyopita. Baba yangu ana umri wa miaka 67, alikuwa karani wa shamba la mkonge kabla ya kustaafu, na ana presha ya kupanda ambayo huimezea dawa kila asubuhi. Analalamika kwamba moyo "unamruka kama samaki ndani ya dema", hasa baada ya Isha anapojilaza ubavu wa kushoto. Mdogo wangu anayesomea uuguzi alikuja likizo na kipimo chake cha masikioni, akamsikiliza kifuani kwa dakika nzima na kuhesabu mapigo 98. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeushika mshipa wa mkononi, chini ya kidole gumba, nikahesabu 76. Tulirudia mara tatu na kubadilishana nafasi, na kila mara kifua kiliuzidi mkono, ingawa si kwa idadi ileile. Mashine ya presha ya jirani ilituambia 81. Je, inawezekana moyo ukapiga na mkono usipate habari?

#2 KahawaChungu – Jumatatu, saa 3:26 usiku

Dada, hapa hakuna muujiza. Moyo mmoja hauwezi kuwa na hesabu mbili, kwa hiyo mmoja wenu amekosea. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 72 kwa dakika, uko upande wa kushoto wa kifua, na kila unapopiga mkono hupata. Mwambieni mzee apunguze kahawa ya barazani, kisha mhesabu upya bila kutazama tamthilia.

#3 MwalimuJioni – Jumatatu, saa 3:58 usiku

KahawaChungu ametaja mambo matatu kwa uhakika mkubwa, na mawili ni lazima niyarekebishe kabla wanafunzi wangu hawajayasoma. Namba 72 ni wastani tu uliokaririwa vitabuni. Mtu mzima aliyetulia huhesabiwa kuwa sawa akiwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika, na mtoto mchanga huweza kufika 120 na zaidi bila kuwa na ugonjwa wowote. Pili, moyo hauko upande wa kushoto kama watu wanavyojigonga wanapoapa. Uko katikati, nyuma ya mfupa wa kidari, umelala kwa mshazari kiasi kwamba sehemu yake kubwa na ncha yake huelekea kushoto. Ncha hiyo ndiyo inayogonga ukuta wa kifua katika nafasi ya tano baina ya mbavu, karibu chini ya chuchu ya kushoto kwa mwanamume, na ndiyo maana tunadhani moyo wote unakaa pale.

Kwa ufupi wa maumbile yake, ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, uzito wake gramu 250 hadi 350 kwa mtu mzima. Una vyumba vinne: viwili vya juu, vile tulivyofundishwa shuleni kuviita auriko, na viwili vya chini, yaani ventriko. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Upande wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni ikiwa na oksijeni na kuisukuma mwili mzima kupitia mshipa mkuu wa aota. Ukuta wa ventriko ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu safari yake ni ndefu na upinzani wake ni mkubwa. Jambo la tatu, kwamba kila pigo hufika mkononi, nawaachia wa hospitali.

#4 FundiBaiskeli – Jumatatu, saa 4:15 usiku

Mimi si mtu wa hospitali, natengeneza baiskeli hapa Ngamiani, lakini swali hili nakutana nalo kila siku kazini. Chukua pampu ya mkono, vuta mpini mpaka mwisho, kisha usukume: tyubu inapata upepo wa kutosha na mpira wa pampu unatuna. Sasa vuta mpini robo tu na usukume harakaharaka. Mlio wa pampu utausikia na mkono wako utachoka vilevile, lakini upepo uliofika kwenye tyubu ni kidogo mno. Nadhani katika moyo wa mzee kuna mapigo yanayopigwa kabla chumba hakijajaa. Aliye kifuani anasikia mlio wa vali zikifunguka, na aliye mkononi hapati kitu.

#5 KahawaChungu – Jumatatu, saa 4:19 usiku

Fundi, tunakuomba usije ukamfungua mzee kwa spana.

#6 MuuguziMstaafu – Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Fundi amefafanua vizuri kuliko wakufunzi wangu wawili. Tofauti ya mapigo 22 haitokani na kusinzia, hasa ikiwa imerudiwa mara tatu na watu wamebadilishana nafasi. Tulifundishwa kuipima hivyohivyo: watu wawili, saa moja, dakika nzima, mmoja kwenye ncha ya moyo na mwingine kwenye mshipa wa mkono. Moyo ukipiga mapema mno, ventriko haijapata muda wa kujaa, hivyo damu inayotoka ni kidogo na wimbi lake hufifia kabla ya kufika kwenye kifundo cha mkono. Kwa kawaida ventriko hutoa takriban mililita 70 kwa pigo moja. Katika pigo la pupa inaweza isitoe kitu cha maana.

Washukiwa wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni mapigo ya ziada, yaani sehemu nyingine ya moyo inatangulia kutoa amri kabla ya zamu. Baada ya pigo hilo hufuata kimya kirefu kidogo, halafu pigo lenye kishindo kwa kuwa chumba kimejaa kupita kawaida, na kishindo hicho ndicho wengi wanachokieleza kuwa moyo umeruka. Wa pili ni vyumba vya juu kuacha kujikaza kwa pamoja na kubaki vikitetemeka. Amri za umeme humiminika kwa mamia kila dakika, na zinazofanikiwa kupita kwenda chini hupita bila mpango wowote, kwa hiyo mapigo hayana mdundo unaoweza kuufuata.

Binti, nakuagiza kazi moja. Mshike baba mkono wa kulia kwa dakika mbili, na kwa mkono wako mwingine gonga mezani kila pigo unalolihisi, huku mdogo wako akisikiliza mdundo huo wa mezani bila kumtazama baba. Je, ni mdundo uliopangika wenye kukatika mara mojamoja, au ni kama mtu asiyejua ngoma aliyepewa ngoma? Na akipata maumivu ya kifua, akizimia, akikosa pumzi, au mdomo ukipinda na mkono mmoja ukalegea, usirudi hapa kuuliza. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kulala ubavu wa kushoto, usiogope. Moyo husogea karibu zaidi na ukuta wa kifua, nyumba nayo imetulia, kwa hiyo mtu husikia kile ambacho mchana kinamezwa na kelele za pikipiki.

#7 MpingaMashine – Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Naheshimu maelezo ya mama muuguzi, lakini hatujaichunguza saa wala kidole. Wengi huhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, hivyo ukikosea mapigo mawili umekosea manane. Mleta mada anasema walihesabu dakika nzima, vema, ila je, aliyeshika mkono alitumia kidole gumba? Kidole gumba kina mshipa wake wenye nguvu, na mtu anaweza kuhesabu mapigo yake mwenyewe akidhani ni ya mgonjwa.

Ile 81 ya mashine ndiyo isitajwe kabisa. Mashine za kujaza upepo mkononi husoma mtikisiko wa mshipa, na mdundo ukiwa hauna mpango hesabu yake huyumba, ya mapigo na ya presha pia. Mimi niliwahi kupimwa mahali fulani nikiwa nimetoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia, kitambaa kimefungwa juu ya shati, na mpimaji ananiuliza habari za nyumbani. Nikaambiwa 168 kwa 102 na kuandikiwa dawa papo hapo. Nilipokaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo na mdomo umefungwa, ikawa 134 kwa 80.

#8 NahodhaWaPangani – Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Wasomi mmezungukia mbali. Hiyo ni gesi. Nilisumbuliwa na mruko huohuo miaka mitatu, nikala wali wa nazi usiku nikalala, moyo ukaanza kurukaruka. Nilipoanza kula mapema na kutembea kidogo kabla ya kulala, ukaacha. Isipokuwa gesi basi ni presha ya kushuka, maana watu wa umri huo huwa nazo zote mbili, ya kupanda asubuhi na ya kushuka jioni.

#9 TabibuWaZamu – Jumanne, saa 7:20 mchana

Nachangia wakati wa mapumziko, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Fundi, mfano wa pampu naukubali, ila mlio tunaousikia ni wa vali kufunga, si kufunguka. Mlio wa kwanza ni vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zikifunga ventriko inapoanza kujikaza. Wa pili ni vali za mlango wa aota na za mshipa wa kwenda mapafuni zikifunga mwishoni. Jambo hili lina maana hapa. Pigo likiwa la mapema mno, vali ya aota huenda isifunguke kabisa, na isiyofunguka haina cha kufunga, kwa hiyo unaweza kusikia mlio mmoja badala ya miwili. Huyo mwanafunzi wa uuguzi asikilize kama katikati ya "ta-tum, ta-tum" kuna "ta" iliyobaki pekee.

Nahodha hajakosea kabisa. Tumbo lililojaa na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita karibu na moyo kwenda tumboni vinaweza kuamsha mapigo ya ziada. Tatizo la neno "gesi" ni kwamba mshtuko wa moyo nao wakati mwingine huanza kwa maumivu ya chembe ya moyo, na mgonjwa hupewa magadi au tangawizi mpaka muda umepita. Kuhusu presha ya kushuka, mtu kupata kizunguzungu anaposimama kwa sababu dawa imemzidi au ameishiwa maji si ugonjwa wa pili unaopokezana zamu na wa kwanza. Binti, baba anameza dawa gani?

#10 BintiMakorora – Jumanne, saa 2:45 usiku

Shukrani, mama muuguzi, tabibu na wote. Nilitumia vidole viwili, si gumba. Dawa zake ni mbili: amlodipini na nyingine ya kukojoza.

Kazi ya mezani tumeifanya. Tatizo ni kwamba imetoa majibu mawili. Adhuhuri mdundo ulikuwa mzuri, ukikatika kila baada ya mapigo matano au sita, na mdogo wangu anasema aliisikia ile "ta" pekee mara nne. Baada ya Isha nilishindwa kuufuata. Nilikuwa nagonga kama mtu anayemwaga mahindi kwenye sinia. Kifua 112, mkono 83. Baba mwenyewe anasema ni vitu viwili tofauti: mchana moyo "unaruka", usiku "unapapatika". Joto 36.8, na hana maumivu.

#11 MuuguziMstaafu – Jumanne, saa 3:05 usiku

Hayo maneno mawili ya baba yaandike kwenye karatasi na umpe daktari kama alivyoyasema. Wagonjwa wetu wana msamiati mzuri na sisi tunauandika wote "moyo kwenda mbio". Kuruka kwa mojamoja kama samaki hulingana zaidi na mapigo ya ziada. Kupapatika kama kuku aliyechinjwa, kukianza na kudumu, hulingana na mdundo wa kasi usio na mpango. Wapo pia wanaosema moyo unapwita hadi shingoni, ukaanza ghafla na kukoma ghafla kama taa, na hao wana habari yao nyingine kabisa.

Umepima joto, lakini hujataja pumzi. Katika vipimo vyote vya uhai hicho ndicho kinachopuuzwa, watu hujaza 20 kwenye karatasi bila hata kumtazama mgonjwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ihesabu ukiwa bado umemshika mkono kana kwamba unahesabu mapigo, kwa kuwa akijua anahesabiwa pumzi ataibadilisha.

#12 KijanaRaskazone – Jumanne, saa 3:30 usiku

Mimi mapigo yangu ni 48 asubuhi kitandani. Naendesha baiskeli Tanga hadi Pangani na kurudi kila wiki. Kuna sehemu nilikwenda kupima afya ya kazi, mpimaji akaitana na wenzake, wakanilaza na kutaka kuniwekea dripu. Na nikivuta pumzi ndefu mapigo yanaongezeka, nikiitoa yanapungua, ninayahisi wazi. Je, na mimi ni mgonjwa?

#13 TabibuWaZamu – Jumanne, saa 3:52 usiku

Kijana, kama huna kizunguzungu wala kuzimia, moyo wako umezoea kazi. Unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi, na 48 kwa mtu wa mazoezi si ajabu. Kupanda na kushuka kwa mapigo kulingana na pumzi ni jambo la kawaida kwa vijana. Ila wasomaji wengine wasikopeshane jibu hili: mzee wa miaka 75 asiyefanya mazoezi, mwenye mapigo 38 na kizunguzungu, huenda njia ya umeme ya moyo wake imekatika.

#14 KahawaChungu – Jumanne, saa 4:01 usiku

Mapigo 48 hayo yapimwe Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na African Sports, dakika ya 89, Wagosi wa Kaya wako nyuma kwa bao moja. Hapo ndipo tutajua kama ni mazoezi.

#15 UstadhChumbageni – Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu ameeleza njia ya damu kupitia mapafuni bila kumtaja mwenye haki yake. Wahenga wa tiba tangu Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, waliamini kwamba damu huvuja kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo katika karne ya 13, alikanusha na kuandika kwamba ukuta huo hauna vitundu, na kwamba damu ni lazima ipite mapafuni kwanza. Vitabu vyetu vya shule humtaja William Harvey, tabibu Mwingereza wa mwaka 1628, peke yake.

#16 MwalimuJioni – Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Nakubali, ustadh, na nitasahihisha notisi zangu. Harvey naye asinyang'anywe chake, maana alionyesha mzunguko mzima kwa hesabu: ukizidisha kiasi cha damu kwa pigo moja na idadi ya mapigo, unapata kiasi ambacho hakiwezi kuwa kinatengenezwa upya kutokana na chakula, hivyo ni lazima damu ileile inarudi. Jaribuni wenyewe kwa mililita 70 za mama muuguzi na mapigo 70: karibu lita tano kwa dakika, zaidi ya ndoo ya lita 20 kila dakika tano.

Ila tumesahau umeme, na kisa cha baba ni cha umeme kuliko cha mabomba. Juu ya chumba cha juu cha kulia, pale damu inapoingia kutoka kichwani na mikononi, kuna kifundo kidogo cha chembe zinazojiamrisha zenyewe. Kilielezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya Sunao Tawara wa Japani kukieleza kifundo cha pili kilicho mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Cha kwanza hutoa amri 60 hadi 100 kwa dakika. Cha pili huichelewesha amri hiyo kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina, kisha huiruhusu kushuka kwa nyaya za kulia na kushoto. Cha kwanza kikilala, cha pili hushika usukani kwa 40 hadi 60, nacho kikishindwa ventriko zenyewe hujikongoja kwa 20 hadi 40. Kwa hiyo zile 38 alizozitaja tabibu katika #13 zina maelezo yake hapa.

#17 MkweWaMuheza – Jumatano, saa 5:30 asubuhi

Mama mkwe wangu alipapatika hivyohivyo usiku. Tulihangaikia moyo miezi saba, kumbe ni tezi la shingo lililokuwa linafanya kazi kupita kiasi. Alikuwa amekonda ingawa anakula vizuri, mikono inatetemeka, na hataki shuka hata mwezi wa saba. Alipotibiwa tezi, moyo ukatulia. Binti, mtazame baba shingo na mikono.

#18 NahodhaWaPangani – Jumatano, saa 6:10 mchana

Nimesoma kwamba mzee anameza dawa ya kukojoza. Basi chumvi za mwili zimetoka na mkojo. Mpeni madafu mawili kwa siku, kutwa mara moja, mtaniambia.

#19 TabibuWaZamu – Jumatano, saa 7:35 mchana

Nahodha leo amegonga mahali pake kwa nusu. Dawa nyingi za kukojoza hutoa potasiamu, na potasiamu ikipungua moyo huanza kuwa na mapigo ya ziada. Madafu yana potasiamu nyingi, hilo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo hatari: zipo dawa za kukojoza zinazoibakiza mwilini, zipo dawa nyingine za presha zinazoipandisha, na figo zilizochoka haziitoi. Ikizidi, inaweza kuusimamisha moyo kabisa. Apimwe damu kwanza, potasiamu na figo, na kwa pendekezo la MkweWaMuheza homoni za tezi pia, kisha dafu lije baadaye.

Aongezewe na kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG. Kwenye karatasi yake, uvimbe mdogo wa kwanza ni vyumba vya juu vikiamshwa, mwiba mrefu ni ventriko, na uvimbe wa mwisho ni ventriko zikijiandaa upya. Vyumba vya juu vikiwa vinatetemeka, uvimbe wa kwanza haupo na nafasi kati ya miiba hazilingani. Nasisitiza kwa sababu damu inayozubaa katika vyumba vinavyotetemeka huweza kuganda, na tone lililoganda likienda kichwani ni kiharusi. Mapigo ya ziada peke yake kwa kawaida hayana hatari hiyo.

#20 DadaWaPiko – Jumatano, saa 1:20 usiku

Naongeza dogo. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni na mapigo msikiweke kwenye kidole chenye piko. Mimi napamba maharusi, na siku moja bibi harusi aliyezimia kwa njaa alisomwa oksijeni 84 na ukumbi mzima ukaanza kulia. Kilipohamishiwa kwenye kidole cha mguu ambacho hakikupakwa kitu, kikasoma 98. Nasikia kidole kikiwa baridi pia hudanganya.

#21 BintiMakorora – Ijumaa, saa 11:40 jioni

Naleta mrejesho. Tumemfikisha baba hospitali jana asubuhi. Karatasi ya umeme wa moyo imesomwa: mapigo 78, mdundo sawa, uvimbe wa kwanza upo kila mahali, pigo moja tu la ziada. Presha 146 kwa 84, pumzi 16. Potasiamu imepungua kidogo chini ya kiwango. Majibu ya tezi bado. Baba amefurahi na kusema aliwaambia tangu mwanzo.

#22 NahodhaWaPangani – Ijumaa, saa 11:52 jioni

Madafu.

#23 MpingaMashine – Ijumaa, saa 12:10 jioni

Na pengine kidole. Karatasi imesema mdundo sawa, nanyi mlimtisha mzee wa watu kwa kiharusi.

#24 TabibuWaZamu – Ijumaa, saa 2:30 usiku

Karatasi ya kawaida hunasa sekunde kumi hivi, na ilinaswa asubuhi. Binti alishindwa kuufuata mdundo baada ya Isha. Vyumba vya juu vinaweza kutetemeka kwa saa chache kisha vikarudi kwenye mpangilio kama vile havikuwahi kuondoka, kwa hiyo karatasi safi ya asubuhi haiwezi kutoa ushahidi wa usiku. Sijasema ndivyo ilivyo. Potasiamu iliyopungua inaweza kuwa imetosha kueleza mruko wa mchana, na hata kuchangia wa usiku. Kipo kifaa cha kuvaa kinachorekodi saa 24, na daktari wake akiona inafaa anaweza kumwandikia rufaa ya Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

#25 MuuguziMstaafu – Ijumaa, saa 2:48 usiku

Mimi bado naushuku ule wa usiku. Kifua 112 na mkono 83, mdundo usiofuatika, mwenye presha, miaka 67. Mpaka rufaa itakapopatikana, endeleeni kuhesabu watu wawili kila usiku, na muandike saa, alichokula na alichokunywa.

#26 FundiBaiskeli – Ijumaa, saa 3:15 usiku

Baiskeli inayopiga kelele barabarani na kunyamaza ikifika kwa fundi naijua sana. Huwa namwambia mwenyewe anipeleke nayo barabarani.

#27 BintiMakorora – Jumamosi, saa 4:20 usiku

Ya leo: saa 3 usiku, kifua 84, mkono 84, pumzi 15, mdundo mzuri mezani. Saa 4 kamili, kifua 104, mkono 80, mahindi kwenye sinia. Alikula mapema, samaki na ugali.

#28 KahawaChungu – Jumamosi, saa 4:24 usiku

Na baina ya saa 3 na saa 4 alikunywa nini?

#29 BintiMakorora – Jumamosi, saa 4:41 usiku

Kuna kikombe kitupu kando ya kiti chake na kipande cha kashata. Baba anasema hakijui, na mama aliyemletea anasema kilikuwa cha tangawizi, lakini amekisuuza kabla sijakinusa.